Barabara Ilipojua Inahesabiwa

Kilichoninyima usingizi ni mkungu wa ndizi.

Niliuona asubuhi ukipanda, umelazwa nyuma ya pikapu ya kijani, ndizi moja ya pembeni imechanika ganda. Baada ya muda nikauona ukishuka. Halafu ukapanda tena. Hadi jua linatokeza vizuri juu ya migomba, mkungu ule ulikuwa umesafiri kuliko mimi tangu nimalize chuo, na kila ulipopita nilichora mstari kwenye fomu kwa uaminifu, kwa sababu mwongozo wa kazi unasema gari likipita mbele yako, liandike. Haukusema lolote kuhusu ndizi.

Usiku nikalala chali nikitazama dari la mbao na kujiuliza: gari linalokwenda na kurudi bila kufika popote ni usafiri, au ni kitu kingine? Na kama ni kitu kingine, anayehesabu anaruhusiwa kukitambua, au kazi yake ni kuchora mistari na kunyamaza?

Mimi ndivyo nilivyo. Chuoni niliwahi kukaa na simu mkononi jioni nzima nikitafakari kama msimamizi wa mradi wangu, aliyenizidi miaka michache tu, nimwandikie "habari" au "shikamoo". Mwishowe nikaandika zote mbili, kisha nikaomba radhi kwa kuandika zote mbili. Hakujibu, na mpaka leo sijui ni ipi iliyomkera.

Sasa nilikuwa na shahada ya uhandisi wa usafirishaji na mkataba wa muda katika ofisi ndogo mjini Moshi yenye meza mbili, feni moja na bosi mmoja. Bosi ni mama wa makamo anayetembea haraka na kuzungumza taratibu. Aliniita, akanisukumia faili.

"Kashule kadogo huko Machame," alisema. "Wana mpaka darasa la nne, wanataka kuongeza mpaka la saba. Halmashauri inasema kabla ya kibali iletwe tathmini: watoto wakiongezeka, barabara itayabeba magari yatakayowaleta? Nenda ukahesabu. Ni kazi nzuri ya kuanzia, mdogo wangu. Huwezi kuiharibu."

Tangu aliposema siwezi kuiharibu, sikuwaza kingine ila namna nitakavyoiharibu.

Nimekulia Mabogini, kwenye mashamba ya mpunga, ambako mlima tunauona kwa mbali kama picha ya ukutani. Machame ni ndani ya picha yenyewe, na ukiwa huko mlima huuoni, kwa sababu umesimama juu yake. Barabara ya shule ni ya udongo mwekundu, imebanwa kati ya vihamba, yale mashamba yanayozunguka nyumba za watu, kahawa chini na migomba juu, na pembeni yake unapita mfereji wa maji. Magari mawili yakikutana, moja lazima lirudi nyuma, na kuamua ni lipi huchukua mazungumzo marefu yanayoanza na habari za nyumbani.

Mwenye shule ni mwalimu mstaafu, mama mrefu mwenye sweta la kijivu, na watu wote wanamwita Mwalimu. Shule aliianzishia sebuleni kwake. Alinipa chumba nyumbani kwake kwa muda wote wa kazi, akanilisha kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, siku ya kwanza mpaka nikashindwa kuinama kufunga viatu, kisha akanipeleka nyuma ya madarasa. Pale kulikuwa na kuta za matofali zilizoishia kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, na majani yameanza kuota juu yake.

"Hili ni la tano, lile la sita, lile pale la saba," alisema akionyesha hewa. "Watoto wangu wakimaliza la nne wanakwenda shule za mjini. Wanapanda basi giza bado halijaondoka, wanalala humo midomo wazi, wanarudi giza limeingia. Mwakani watakuwa hapa au watakuwa kwenye basi. Wewe ndiye utakayesema."

Nilitamani sana asingesema hivyo.

Ile siku ya kwanza kuja, kabla sijaanza kuhesabu chochote, nilikuwa nimeona geti lake asubuhi. Magari ya wazazi yalitazamana pua kwa pua, vioo vya pembeni vinagusana, mtoto mmoja anashuka upande wa mfereji huku mama yake akimwambia aruke. Nikawaza, basi hapa kuna kazi ya kweli. Siku iliyofuata nikaweka kiti na mwavuli mkubwa ng'ambo ya geti, nikaanza.

Mambo yalianza vizuri. Pikipiki chache, gari la maziwa, lori la mchanga. Kisha akaja mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, kijana mwenye koti la mvua analolivaa hata kukiwa na jua. Alizima pikipiki, akanitazama, akautazama mwavuli.

"Dada, unatuhesabu?"

"Nahesabu vyombo vya usafiri."

"Ndiyo sisi hao. Kule barabara ya chini walikuja wawili kama wewe. Wakakaa hivi hivi, na mwavuli hivi hivi. Mwaka haukuisha, lami."

Nikamweleza kwamba hii si ya lami. Nikamweleza kwa kirefu, kwa sababu siwezi kueleza kwa kifupi: kwamba ni tathmini ya upanuzi wa shule, kwamba halmashauri inataka kujua kama barabara ilivyo itatosha, kwamba matokeo hayahusiani kabisa na mpango wowote wa ujenzi wa barabara, na kwamba mimi binafsi sina mamlaka hata ya kuamua pa kuweka kiti. Alinisikiliza kwa heshima, akiitikia kwa kichwa.

"Sawa, dada," alisema. "Mambo ya serikali hayasemwi ovyo. Nimekuelewa."

Akaondoka taratibu, na alipofika kwenye kona nikamsikia akipiga honi kwa wenzake.

Kesho yake Machame ilihamia barabarani. Pikipiki zilipita na kurudi, kila moja ikinipigia honi kama kwamba nisipoisikia sitaiandika. Ikaja pikapu na ule mkungu wake. Likaja trekta ambalo, nilivyosikia baadaye, halikuwa limetoka kwenye banda lake tangu masika. Wakaja vijana wanne wakisukuma gari lisilo na injini, na wa tano ndani ameshika usukani kwa umakini mkubwa.

"Hili linahesabika?" aliuliza wa kwenye usukani.

Nikafikiri. "Linatembea?"

"Si unaliona linatembea?"

Nikaliandika. Nyuma yao alikuja mzee mmoja na toroli lenye samadi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasimama.

"Na toroli mnaandika?"

Nikamwambia fomu haina safu ya matoroli. Uso wake ulisinyaa kiasi kwamba nikachukua rula na kuchora safu ya matoroli palepale. Alishukuru, akaenda mpaka kwenye mgomba wa karibu, akageuza, akapita tena.

Nilicheka peke yangu chini ya mwavuli mpaka machozi yakanitoka, na ndani ya kicheko nilikuwa naogopa. Maana kulikuwa na jambo jingine. Magari ya wazazi hayakuwepo. Watoto walikuja kwa miguu, mstari mmoja, mwalimu mbele na mwalimu nyuma, wanaimba. Hakuna gari hata moja lililosimama getini. Barabara nzima ilikuwa imejaa, isipokuwa pale nilipotumwa kupatazama.

Jioni nikapiga hesabu, nikarudia, nikarudia kwa njia nyingine. Kwa mujibu wa karatasi zangu, barabara ile haikuwa na nafasi ya kuongeza hata mbuzi. Ofisa yeyote wa halmashauri akisoma vile, kibali cha Mwalimu kimekwisha. Hapo ndipo ulipokuja ule usiku wa mkungu.

Asubuhi nikampigia bosi.

"Andika ulichokiona," alisema.

"Nimeona mkungu wa ndizi ukipita mara nyingi."

"Umekunywa chai?"

Nikamweleza yote, pamoja na toroli. Nilisikia akicheka mbali na simu, kisha akarudi na sauti yake ya taratibu.

"Basi hesabu hiyo haifai. Irudie. Lakini ukiirudia leo utapata hiyohiyo, si ndiyo? Mtu akijua unamhesabu, humhesabu yeye, unahesabu anavyotaka kuonekana. Tafuta njia. Ripoti inatakiwa Ijumaa ya wiki ijayo, na jina litakalokuwa chini ni lako."

Njia niliyoitafuta kwanza ilikuwa kujificha. Nilihamisha kiti nikakiingiza ndani ya kihamba cha jirani, nyuma ya migomba mitatu minene, nikafunga mwavuli, nikavaa khanga ya kijani ya Mwalimu. Sikumaliza ukurasa mmoja. Bibi mwenye kihamba alitokea na kikombe cha chai ya maziwa.

"Wamesema jua limekuzidi, umehamia kivulini," alisema. "Kunywa, mjukuu wangu."

Barabarani pikipiki ziliendelea kupita, na kila moja iligeuka na kuipigia honi migomba.

Bibi yule nilimfahamu. Alikuwa amepita mbele yangu siku nzima ya jana na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, na safu ya waenda kwa miguu ilikuwa imejaa yeye. Sasa alikaa kwenye jiwe, akajishika kiuno.

"Niambie ukweli. Tutapita mpaka lini? Mgongo wangu umechoka, na ng'ombe ameshiba tangu jana, yale majani nayabeba tu."

"Bibi, kwa nini unapita?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula.

"Masika gari halifiki hapa. Mwaka ule mume wangu alipozidiwa, walimbeba kwa machela mpaka barabara ya chini, wanateleza, wanainuka. Kama kupita na majani kunaleta lami, nitapita."

Chai ilikuwa ya moto, nikainywa hivyohivyo ili nisilazimike kusema kitu. Nilikuwa nimekuja nikidhani watu wananichezea. Hakuna aliyekuwa ananichezea. Walikuwa wanafanya kazi kwa bidii kuliko mimi, kwa ajili ya kitu ambacho sikukibeba mfukoni.

Mchana nilimfuata Mwalimu jikoni kwake. Alikuwa anamimina maziwa mgando kutoka kwenye kibuyu. Nikamuuliza magari ya wazazi yamekwenda wapi.

Aliweka kibuyu chini polepole. "Umeona kulivyo pazuri?"

"Nimeona. Ndiyo maana nauliza."

"Niliwaambia wazazi wawashushe watoto kwenye uwanja wa kanisa, watoto watembee kutoka pale na walimu. Si ulikuja kukagua? Mgeni akija nyumbani, unafagia. Mimi nimefagia."

Nikamwambia kwamba amefagia, lakini barabara nzima imemwaga taka. Nilipofika kwenye gari lisilo na injini, Mwalimu alicheka akashika meza. Nilipofika kwenye toroli, alikaa. Kisha kicheko kikamwishia taratibu, kama maji yanavyokwisha kwenye mfereji wakifunga juu.

"Kwa hiyo kwa hesabu hizo, la tano…"

"Kwa hesabu hizo, hapana."

Aliangalia dirishani, kwenye zile kuta zake. "Mimi nikiwaambia si lami, watasema nataka kuwanyima lami ili nipate madarasa. Wewe ulishawaambia, wakasema unaficha siri ya serikali. Nani amebaki?"

Nilimfunikia kibuyu chake. Lakini nilipotoka nje nikawaona watoto wanaondoka kwa mstari uleule, kuelekea kanisani kusubiri wazazi, wanarukaruka, hakuna gari la kuwakosakosa, hakuna wa kuambiwa aruke mfereji. Nilisimama pale nikashangaa. Mwalimu, kwa kujaribu kunidanganya kidogo, alikuwa amelitatua lile tatizo nililotumwa kulitafuta. Nilifurahi mno nikamkumbatia mpishi wa shule, ambaye nilikuwa sijasalimiana naye bado.

Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipoelewa inanitaka nifanye nini. Uwanja ule ni wa usharika. Kuutumia kila asubuhi kunahitaji ruhusa. Na lami haitakufa moyoni mwa watu mpaka isemwe mahali ambapo hakuna anayedhani mtu anaficha. Mahali hapo ni kanisani: matangazo ya Jumapili, mbele ya madhabahu, watu wote wamekaa.

Jumamosi nzima niliiua kwa mawazo. Niliwaza kuandika barua isomwe na mtu mwingine. Niliwaza kwamba barua wataiona ni ya serikali, na ya serikali ndiyo inayoficha. Niliwaza kuwasilisha hesabu zilezile na maelezo madogo chini ya ukurasa kuhusu ndizi. Niliwaza kupunguza mistari kwa kukisia, na wazo hilo lilinijia kwa upole sana, likakaa karibu yangu kama rafiki: nani angejua? Nilijua mimi. Nikamwomba Mwalimu aniombee nafasi kwa mzee wa kanisa, na nikamwomba haraka kabla sijajirudi.

Jumapili nilikaa benchi la tatu nikiwa nimeshika karatasi yenye sentensi nne. Yalitangulia matangazo ya ndoa mbili, ya zamu za kufanya usafi, na ya mwavuli uliosahauliwa. Kisha mzee wa kanisa akasema kuna binti wa kuhesabu magari ana neno. Kanisa zima lilinyooka. Mwenyekiti wa bodaboda, bila koti la mvua kwa mara ya kwanza, alimgusa mwenzake kwa kiwiko. Walidhani siku imefika.

Karatasi niliisahau kwenye benchi.

"Bwana asifiwe," nilisema.

"Amina."

"Shikamooni wazazi wangu."

"Marahaba."

"Lami haiji."

Nikaendelea kwa sababu kusimama kimya kulitisha zaidi. Nikasema sikutumwa na watu wa barabara, nimetumwa kuangalia kama shule inaweza kuongeza madarasa. Nikasema kadiri wanavyopita ndivyo karatasi zangu zinavyosema barabara imejaa, na barabara ikiwa imejaa, halmashauri itakataa madarasa, na watoto wao wataendelea kulala kwenye basi. Nikasema hesabu zote za wiki ile nimeziweka kando na kesho naanza upya, na naomba yeyote asiye na safari asisafiri.

"Hata kipande?" aliuliza mwenyekiti kutoka nyuma.

"Cha lami?"

"Eeh. Hata pale penye mteremko."

"Hata kipande, kaka. Ningekuwa nacho ningekupa."

Mtu mmoja akacheka puani, akafuatwa na benchi lake, kisha kicheko kikazunguka kanisa zima, nikacheka na mimi. Yule mzee wa toroli alisema kwa sauti ya kusikika, "Na mimi nilisukuma samadi ileile." Bibi wa majani hakucheka. Aliniangalia, akatikisa kichwa mara moja, akavuta khanga yake mabegani. Lile ndilo lililoniuma, na bado linaniuma.

Nikaomba na uwanja. Mchungaji akasema baraza la wazee litakaa. Mzee mmoja akasema kumbe hayo ya uwanjani ndiyo magari yaliyokanyaga maua ya kina mama. Mwalimu akasimama palepale akasema atayapanda upya yeye mwenyewe, na kwamba kesho wazazi waje mpaka getini kama zamani, ili binti aone uchafu wetu ulivyo.

Nje, kwenye mnada wa sadaka za mazao, mwenye kunadi alishika trei la mayai akasema nani atamnunulia injinia, maana amekuja kutunyima na bado tumempenda. Mwenyekiti wa bodaboda ndiye aliyeyanunua. Aliniletea akiwa amenuna.

"Ungesema hivyo tangu mwanzo, dada."

"Nilisema."

"Ulisema maneno mengi. Mtu wa kweli husema machache."

Jumatatu nilikaa na kiti changu hadharani. Barabara ilikuwa tupu kwa namna nzuri ajabu. Kuku alivuka, akarudi. Gari la maziwa likapita, dereva akanionyesha madumu yake ili nijue ana safari ya kweli. Kisha wazazi wakaja, wote kwa pamoja, wakatazamana pua kwa pua, vioo vikagusana, honi zikalia, Mwalimu akasimama getini akiwa amefunika macho kwa aibu, na mimi ng'ambo nikachora mistari kwa furaha kama mtu anayecheza bao na kushinda. Kila gari lilikuwa na mtoto ndani. Kila gari lilikuwa linakwenda mahali.

Katikati ya wiki baraza la wazee liliruhusu uwanja, kwa sharti la maua. Nikaandika kwamba barabara inatosha, geti halitoshi. Madarasa yaongezwe iwapo watoto watashushwa kanisani na kutembea na walimu. Mwishoni, mahali ambapo hakuna aliyeniuliza, niliongeza aya kuhusu barabara ile wakati wa masika na namna wagonjwa wanavyoshushwa kwa machela. Bosi aliisoma, akashika kalamu juu ya aya hiyo kwa muda.

"Hii haimo kwenye hadidu za rejea," alisema.

"Najua."

"Niibakize?"

Nilitafuta ndani yangu ile sauti inayosema labda, pengine, ngoja kwanza. Ilikuwepo, inaongea. Nikamwambia ibaki, nikaandika jina langu chini, na Ijumaa nikaipeleka halmashauri kwa mkono wangu, nikasimama dirishani mpaka karani akaigonga muhuri wa kupokelewa.